GOTI SI NYUNDO



Fundi wa mazulia afikapo kwenye geti la jengo asubuhi, swali la kwanza aulizwalo ni hili: "Umekuja na vifaa?" Haulizwi amefanya kazi hii miaka mingapi, wala nani alimfundisha. Akisema hana, aambiwa asimame kando, na mwenzake mwenye mfuko begani apita. Akisema anavyo, aandikwa kwa mshahara wa siku ule ule, na tangu saa ile vifaa vyake vyamfanyia tajiri kazi bila ya kulipwa hata senti moja. Kisu kikiisha makali, wembe mpya ni juu yake. Pasi ikiungua, ni hasara yake. Goti likivimba, nalo aambiwa ni lake.

Jambo hili limeletwa mbele ya chama na wanachama wanaotandika mazulia ya ukuta kwa ukuta katika maofisi, mahoteli, misikiti na nyumba za watu. Tumewasikiliza, tumewauliza maswali, na tumeona ya kwamba si shida ya mafundi wachache tu. Kila mtu ambaye kazi yake ni ya kupiga magoti, awe anabandika vigae au anasugua sakafu, yamhusu. Kwa hiyo twalieleza hapa kwa kirefu.

Wako wanachama wa kazi nyingine za majenzi wanaofikiri kwamba kutandika zulia ni kulikunjua kama mkeka na kukata kinachozidi. Sivyo. Kwanza sakafu yafagiwa na kukaguliwa. Saruji mpya yataka muda wa kukauka, kwa kadiri mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Mwenye shaka hubandika kipande cha plastiki sakafuni kwa utepe pande zote nne, na kesho yake akikuta maji yamejikusanya chini yake, ajua sakafu bado. Kisha fito nyembamba za mbao zenye misumari midogo hupigwa kuzunguka chumba, misumari ikiinamia ukutani, na kati ya ufito na ukuta huachwa nafasi ndogo, pungufu kidogo ya unene wa zulia, ya kuingizia ukingo. Felti hutandikwa ndani ya fito wala si juu yake. Ndipo zulia huletwa. Nalo si mzigo wa mchezo: zulia lenye kilo 2 kwa kila mita mraba, likiwa na upana wa mita 4 na urefu wa mita 25, lina kilo 200, na mara nyingi lapandishwa ghorofani kwa mabega kwa sababu lifti ni ya wapangaji. Vipande huunganishwa kwa utepe wa gundi na pasi ya moto. Mtu akiharakisha pasi, maungio yaonekana kama kovu maisha yote ya zulia.

Hapo vifaa vimekwisha kuwa vingi: futi, uzi wa chaki, nyundo, mkasi wa kukatia fito, visu, pasi, patasi pana isiyo na makali ya kusukumia ukingo. Vyote hivyo fundi anavyo, navyo amevinunua mwenyewe, kimoja kimoja, miaka kwa miaka. Lakini kazi yenyewe bado haijaanza, kwa maana zulia lililotandikwa bila kuvutwa halitulii. Likikanyagwa lalegea, lajikunja katikati ya chumba kama shuka la mtu asiyelala vizuri. Ni lazima livutwe mpaka liongezeke kama asilimia 1 au 1 na nusu ya urefu wake na upana wake. Katika chumba cha mita 6 ni sentimita 6 mpaka 9 za kuvuta. Ajuaye ugumu wa zulia jipya ajua kwamba sentimita 9 si kidogo.

Vifaa vya kulivuta ni viwili, na tofauti yake ndiyo habari yetu ya leo.

Cha kwanza ni kifupi, chenye kichwa cha meno upande mmoja na mto mdogo upande wa pili. Fundi hupiga magoti, hubana meno ndani ya zulia, halafu huupiga ule mto kwa mguu wake, juu kidogo tu ya pia ya goti. Hupiga tena, na tena, kuzunguka chumba chote. Hiki twakiita kifaa cha goti. Cha pili ni mtambo wa kuvutia. Una kichwa kipana cha meno, na nyuma yake huungwa mabomba mpaka yafike ukuta wa upande wa pili, ambapo huwekwa ubao ili plasta isivunjike. Fundi hushusha mkono wa chuma, na nguvu yatoka katika chuma na ukuta. Goti halipigi kitu.

Kifaa cha goti kilitengenezwa kwa kazi ndogo: kuliweka zulia mahali pake, kulinasisha katika misumari, kufanya ngazi, na kuingia katika kona na vijikabati ambamo mtambo hauenei. Kwa kazi hizo ni kifaa kizuri na hatukitukani. Taasisi ya Carpet and Rug Institute ya Marekani, ambayo ni jumuiya ya wenye viwanda wala si ya wafanya kazi, imeandika katika kanuni zake za ufundi kwamba zulia la kuvutwa livutwe kwa mtambo. Basi hata matajiri wenyewe, wale wanaotengeneza zulia, wasema hivyo.

Lakini wanachama wetu watuambia kwamba mara nyingi chumba kizima chavutwa kwa goti, mtu mmoja, tangu asubuhi mpaka jioni. Sababu ni nyepesi kuiona. Kifaa cha goti chaingia katika mfuko. Mtambo na mabomba yake wataka sanduku refu, na bei yake ni kubwa kuliko bei ya vile vingine vyote. Hebu tajiri mwenyewe ajaribu kupanda matatu ya saa kumi na mbili akiwa na sanduku la mabomba ya chuma, tuone kondakta atamwambia nini. Basi desturi ya kila fundi kuja na vifaa vyake imeamua yenyewe, bila mkutano wala barua, kifaa kipi kitumike, nacho ni kile kinachobebeka kwa mkono mmoja.

Na hasara yake yajulikana, imepimwa. Taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, ilitoa onyo juu ya watandika mazulia mwaka 1990. Ilieleza kwamba watu hao hawafiki hata asilimia 0.06 ya wafanya kazi wote wa nchi ile, lakini katika madai ya fidia ya magoti yaliyoumia, asilimia 6.2 yalikuwa yao. Hiyo ni mara 108 kuliko ilivyotazamiwa. Wapimaji walipopima pigo la goti juu ya kile kifaa waliona lafika kama mara nne ya uzito wa mwili wa mtu. Fundi wa kilo 70, basi, kila apigapo ni kama kilo 280 zinaangukia goti moja. Tuseme apiga mara 100 tu kwa siku, na mafundi watacheka kwa uchache wa hesabu hiyo, akiisha wiki ya siku sita amepiga mara 600. Hakuna bawaba ya mlango iwezayo kustahimili hivyo miaka kumi, na goti si chuma.

Maradhi yenyewe wanachama wayajua hata kama hawajui majina yake. Kuna kile kifuko kilicho mbele ya pia ya goti, ambacho huvimba na kujaa maji. Kuna gegedu za ndani, ambazo zikichanika goti lakwama likikunjwa, na mtu akitaka kushuka ngazi hushuka kwa upande kama kaa. Shirika la Kazi la Dunia, ILO, katika orodha yake ya maradhi ya kazi iliyosahihishwa mwaka 2010, limeyaandika yote mawili, la kifuko kuvimba na la gegedu kuharibika, kuwa yaweza kutoka kwa kazi ya kupiga magoti. Kwa hiyo fundi aambiwapo, "Mzee, hayo ni ya umri," asinyamaze. Mtu wa miaka 35 si mzee.

Tajiri naye ana maneno yake, nasi twayataja ili tusiseme tumeyaficha. Asema fundi akiazimwa vifaa havirudi. Asema fundi wa kweli hupenda mkono wa kifaa alichokizoea. La pili lina ukweli ndani yake. Fundi hujivunia sanduku lake, na kisu alichokizoea hakati nacho mwingine. Zamani, fundi aliyekuwa na vifaa vyake alikuwa pia na bei yake. Alikuja kwa mapatano, alitaja kiasi cha kazi yote, na katika kiasi hicho alikwisha kutia gharama ya wembe na gundi. Siku hizi kontrakta amechukua ile desturi ya vifaa akaacha ile ya bei. Huyu mtu ni fundi aingiapo getini, na ni kibarua apangapo foleni ya mshahara. Twasema achague moja. Akimtaka fundi mwenye vifaa, amlipe pamoja na vifaa. Akimlipa kama kibarua, vifaa viwe vya kampuni.

Na la wizi tulijibu hivi: makontrakta wana mashine za kuchanganya saruji, wana jukwaa za chuma, wana malori, na vyote hivyo vina mlinzi na daftari. Mtambo mmoja wa kuvutia zulia hautashinda lori kwa kupotea.

Tena tajiri hafikirii faida yake mwenyewe. Zulia lililovutwa kwa goti tu, mara nyingi halikai. Baada ya miezi michache mwenye nyumba apiga simu kwamba limejikunja, na fundi aitwa kurudi kulitengeneza. Siku hiyo halipwi, kwa kuwa "aliharibu". Tumepata kesi ya namna hii, ambapo fundi alikatwa mshahara wa siku tatu kwa zulia lililolegea, hali aliomba mtambo tangu mwanzo akanyimwa. Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mwajiri aweza kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanya kazi. Mtu aliyelegeza zulia kwa kukosa mtambo hakukusudia kitu. Sheria hiyo hiyo yasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Mwenye kukatwa alete karatasi yake ya mshahara ofisini, au kama hakupewa karatasi, alete hiyo habari ya kwamba hakupewa.

Tusisahau gundi. Mazulia mengine hayavutwi bali hubandikwa sakafuni moja kwa moja kwa mwiko wa meno, hasa ya maofisi na ya mkonge. (Mkonge twaulima wenyewe, Taita Taveta na kwingineko, na zulia lake likilowa maji lataka kusinyaa, asiyelijua hili asilikubali kazi yake.) Ziko gundi za maji, ambazo harufu yake ni ndogo. Na ziko zile za kopo zenye harufu ya kulevya, ambazo ndani yake mna tolueni au heksani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hauendi juu dirishani bali walala chini, pale pale penye uso wa mtu aliyepiga magoti. Msimamizi aliyesimama mlangoni asema hasikii kitu, na huenda kweli hasikii. Huko Japani katika miaka ya 1960 watengenezaji wa ndala waliotumia gundi yenye heksani waliharibika mishipa ya fahamu. Mikono na miguu ikafa ganzi na kukosa nguvu. Na mvuke huo washika moto upesi. Chumba kilichofungwa madirisha ili vumbi lisiingie, gundi ya kopo sakafuni, na mtu mlangoni awasha sigara: hatuna haja ya kueleza zaidi.

Neno moja pia kwa wanaong'oa sakafu za zamani kabla ya kutandika zulia jipya. Vigae vya plastiki vya majengo ya miaka ya 1960 na 1970, na ile gundi nyeusi iliyo chini yake, vyaweza kuwa na asbesto. Msivivunje kwa nyundo wala kuisugua gundi hiyo kwa mashine ikiwa kavu. Simamisheni kazi, mwiteni mjumbe wa chama, na tajiri alete mtu wa kupima.

Sheria haiko upande wa tajiri katika mambo haya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtwika mwajiri wajibu wa kuweka mitambo na taratibu za kazi zilizo salama, na kutoa mavazi ya kujikinga kwa kazi yenye vitu vya kudhuru. Mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Katika majengo mangapi kamati hiyo imeonekana? Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazi ya mwaka huo huo yahusu ajali na vilevile maradhi yatokanayo na kazi. Fundi aumiapo amwambie mwajiri, kwa mdomo au kwa barua, lakini barua ni bora, maana neno la mdomo kesho lakanwa. Naye kibarua afanyaye kazi kwa mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, Sheria ya Ajira hamhesabu tena kuwa kibarua wa siku kwa siku. Wengi wa watandika mazulia wamepita mwezi huo zamani, na bado wahesabiwa kila jioni kama wageni.

Kwa hiyo, katika mapatano yajayo na makontrakta, chama kitadai mtambo wa kuvutia uwepo katika kila kazi yenye zulia la kuvutwa, nao uwe mali ya kampuni na uletwe kwa gari la kampuni. Tutadai posho ya vifaa kwa kila fundi ajaye na sanduku lake, ilipwe kwa siku na kuandikwa mbali na mshahara, isimezwe ndani yake. Pedi za magoti na glovu zitolewe bure. Gundi ya maji itumike kila inapofaa, na pale isipofaa madirisha yawe wazi na watu wapokezane. La mtambo ndilo la kwanza, na hatutaliuza kwa kupata mengine. Wako watakaosema makontrakta hawatakubali kamwe. Mwaka 1937 mafundi wa majenzi wa Nairobi, chini ya uongozi wa Makhan Singh, walisikia maneno hayo hayo. Walikaa nje siku 62, na waliporudi kazini walikuwa na nyongeza ya asilimia 15 mpaka 22.

Nasi wenyewe tuna la kusikia. Wako mafundi wanaocheka kijana avaapo pedi za magoti, wakimwita mtoto wa mama. Mcheko huo wamfaa tajiri peke yake. Pia wako wanaodhani pedi zatosha. Pedi zamlinda aliyepiga magoti juu ya saruji. Pigo la kifaa cha goti hazilizuii, kwa sababu lapiga juu ya pia, pasipo na pedi. Na pale ambapo kampuni tayari ina mtambo, tumesikia ya kwamba hulala ndani ya sanduku kwa kuwa kuunga mabomba kwachelewesha. Yachelewesha kweli, dakika chache kwa kila chumba. Anayelipwa kwa chumba huziona dakika hizo ni hasara, nasi twamfahamu, ndiyo maana bei ya chumba nayo tutaizungumza. Lakini wazee wa kazi wawafundishe vijana mtambo kwanza, na kifaa cha goti baadaye.

Kuanzia wiki ijayo mjumbe wa chama katika kila jengo atazungusha karatasi. Kila mtandika zulia aandike vifaa alivyo navyo na bei alivyonunulia, vifaa alivyopewa na kampuni kama vipo, siku alizokatwa mshahara na kwa sababu gani, na kama goti lake limepata kuvimba au kukwama kazini. Jina la msimamizi si lazima. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenziwe, si na karani wa tajiri. Karatasi zifike ofisini kabla ya mkutano wa Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwani siku ile ile ndipo kamati itakapokaa kuandika barua kwa makontrakta.